Sendo za kutembelea safarini: dhana potofu wanawake wanazouziwa, na ukweli wake

Mtu anaweza kupanga nguo za safari wiki nzima, halafu viatu akavichagua kwa dakika tano: anajaribu, anakanyaga mara mbili tatu juu ya zulia la duka, analipa. Dakika tano zinatosha kujua kama kiatu ni laini. Kujua kama kinashika mguu ni kazi nyingine, na ukishaanza kutembea kutwa hilo ndilo linaloamua. Sendo nzuri huushika mguu. Sendo mbaya huulazimisha mguu uishike yenyewe, vidole vikikunjwa kila hatua ili isichomoke, na jioni maumivu yako unyayoni na kwenye muundi. Karibu kila dhana iliyopo hapa chini inatokana na kulisahau hilo.

“Ikiwa laini, ndiyo ya starehe”

Sponji laini inafurahisha ukiikanyaga mara ya kwanza. Ikishabeba uzito wa mwili kwa saa kadhaa, inabonyea chini ya kisigino na chini ya mashina ya vidole, yaani mahali penye kazi kubwa, na kuanzia hapo unakanyagia soli ngumu ya chini.

Vipimo vitatu unaweza kuvifanya ukiwa umesimama mbele ya muuzaji. Kwanza, bonyeza kwa kidole gumba mahali pa kisigino: panatakiwa paingie kidogo na parudi papo hapo. Kidole kikihisi soli ya chini, iache. Pili, shika ncha na kisigino uvisukume vikaribiane. Sendo inapaswa kukunjika kwenye theluthi ya mbele, pale vidole vyako vinapokunjika. Ikijikunja katikati, upinde wa unyayo hauna cha kuegemea, na ule utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni unavutwa kila hatua. Dalili yake inajulikana: unaamka asubuhi, hatua ya kwanza tu kutoka kitandani, kisigino kinachoma. Tatu, ipinde kama unayekamua nguo. Ikigeuka bila ubishi, haitakusaidia kwenye njia ya mawe.

Kinyume cha dhana hii nacho kipo: kwamba kiatu bapa kabisa ndicho cha afya kwa sababu ni cha asili. Aliyezoea kutembea peku au na kiatu chembamba anaweza kukimudu. Aliyezoea viatu vyenye kisigino, halafu siku ya kwanza ya safari akavaa soli ya sentimita moja iliyo bapa, atavuta msuli wa kigimbi na kano ya kisigino kuliko zilivyozoea. Kwa walio wengi, soli yenye unene wa sentimita 2 hadi 3 chini ya kisigino, iliyoinuka nyuma kwa sentimita moja hivi kuliko mbele, inafaa zaidi.

“Namba yangu ni 38, haijabadilika tangu sekondari”

Namba haibadiliki kwa sababu hatujapima tena. Miguu ya wanawake wengi hurefuka na kupanuka kidogo wakati wa ujauzito, hasa ule wa kwanza, na kwa baadhi hairudi ilivyokuwa. Uzito ukiongezeka, upana nao huongezeka. Halafu miguu huvimba ndani ya siku moja: ukikaa kwenye basi la Dar es Salaam hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000, unashuka na mguu usiolingana na ule uliopandia.

Pima jioni. Weka karatasi sakafuni ikigusana na ukuta, simama kisigino kikigusa ukuta na uzito wote ukiwa kwenye mguu huo. Usipime umekaa, maana mguu usio na mzigo ni mfupi. Mtu mwingine aweke alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote, kalamu ikiwa wima. Kwa wengine kidole hicho ni cha pili, si kidole gumba. Pima na upana mahali papana zaidi. Rudia mguu wa pili, kisha fuata ule mkubwa.

Sasa chukua rula uende nayo dukani. Sehemu ya kukanyagia iwe ndefu kuliko mguu wako kwa milimita 5 hadi 10: vidole visifike ukingoni, na kisigino kisilalie ukingo wa nyuma. Zaidi ya hapo ncha inajikwaa kwenye ngazi. Usitegemee namba iliyochapwa. Katika mfumo wa Ulaya, namba moja hadi nyingine ni theluthi mbili za sentimita. Katika ule wa Uingereza ni karibu milimita 8.5. Kwenye mitumba kuna mtego mwingine: namba 7 ya kike ya Marekani ni kama 5 ya Uingereza, na kibandiko mara nyingi hakisemi ni mfumo gani. Na hata mfumo ukiwa mmoja, kila kiwanda kina kalibu yake, yaani umbo la mguu linalotumika kutengenezea kiatu.

Upana ukikushinda kwenye sendo za kike, jaribu za kiume au zisizo na jinsia. Kalibu ya kike kwa kawaida huwa nyembamba kisiginoni, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba mkanda wa nyuma unakazika vya kutosha.

“Kandambili zinatosha, hata ukienda mbali”

Za bafuni, sawa. Za kushukia ufukweni, sawa. Lakini kandambili imeshikwa na gidamu tu, kati ya vidole viwili, na nyuma iko huru. Mtembeaji hufupisha hatua bila kujua na kubana vidole ili isimtoke. Kwenye matope inabaki nyuma, kwenye kokoto inateleza pembeni.

Mkanda wa nyuma ndio uliobadilisha mambo. Mwaka 1984 Mark Thatcher, aliyekuwa akiongoza watalii kwenye mto wa Grand Canyon huko Marekani, aliongeza mkanda wa kufungia kifundo cha mguu kwenye kandambili, na hapo ikazaliwa Teva, chapa ya sendo. Sendo nyingi za kutembelea zinazouzwa leo zinafuata wazo hilohilo: mkanda wa mbele karibu na vidole, mkanda juu ya mguu, na mkanda unaozunguka kisigino, kila mmoja ukirekebishika peke yake. Hilo la mwisho ndilo la kung’ang’ania. Asubuhi unakaza, mchana mguu ukivimba unalegeza. Sendo yenye mikanda ya lastiki isiyorekebishika inakubana pale tu unapohitaji nafasi.

Kuhusu kifungio: velkro ni nyepesi kufungua lakini hujaa mchanga na nyuzi, na ikijaa haishiki, isugue kwa mswaki mkavu. Bizimu inadumu zaidi, ila angalia matundu yake yamepishana kiasi gani. Yakiachana sana, tundu moja linabana na la pili linapwaya.

Ukishavaa, shuka ngazi. Mguu ukiserereka mbele hadi vidole vitoke nje, mkanda wa juu haufanyi kazi. Kisha simama papo hapo, geuka ghafla kushoto na kulia: unyayo usihame juu ya soli.

“Zikiuma sasa, zitalainika”

Ngozi halisi hulainika, tena kwa siku kadhaa za kuivaa saa moja moja nyumbani. Mkanda wa nailoni haulegei wala kulainika, na mshono ulioko ndani ya mkanda ukikugusa mfupa leo utakugusa mfupa kesho. Pitisha kidole ndani ya kila mkanda kabla ya kuvaa. Ukihisi ncha ya uzi uliochomwa, plastiki kali au ukingo mgumu, hapo ndipo lengelenge litakapotokea.

Malengelenge huletwa na msuguano, na unyevu huyaharakisha. Mahali panapoanza kuwaka pabandikwe plasta mara moja, kabla ngozi haijainuka. Mafuta ya mgando husaidia kwa muda mfupi, kisha huisha huku mguu ukiendelea kutembea, kwa hiyo usiyategemee kwa kutwa nzima. Sendo mpya zisianze kazi siku ya safari: zivae nyumbani kwanza, juu ya mkeka, zisichafuke ili ziweze kurudishwa.

“Ngozi ni bora kuliko plastiki, na tairi haliishi”

Makubadhi ya pwani yanapendeza na kanzu ya jioni haiwezi kuyakataa. Lakini ngozi ikilowa maji chumvi na kukauka juani hukakamaa na kupasuka, na soli ya ngozi iliyolainishwa na kutembea huteleza kwenye vigae vyenye maji. Ukiyalowesha, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kivulini, paka mafuta ya ngozi. Kama safari yako ina kushuka kwenye mashua na kukanyaga maji, kama ilivyo Lamu, beba mikanda ya nailoni na soli ya mpira, makubadhi yabaki ya jioni.

Katambuga za matairi kweli zinadumu, na mwiba wa mgunga hauzitoboi kirahisi. Tatizo ni kwamba hazina mto wowote, na mikanda mara nyingi imepigiliwa misumari. Pitisha kiganja ndani: kichwa cha msumari kilichoinuka au waya wa chuma wa tairi hukata unyayo.

“Haijavaliwa, iko kwenye boksi, kwa hiyo ni mpya”

Hii ndiyo inayowaumiza wanunuzi wengi wa pwani, na ni nadra kuelezwa. Soli ya kati ya sendo nyingi ni povu la aina moja kati ya mbili: EVA au poliyurethani, inayofupishwa PU. PU hushambuliwa na unyevu wa hewa. Taratibu, miaka ikipita, maji yaliyomo hewani huvunja minyororo yake, na joto huharakisha kazi hiyo. Kiatu hakihitaji kuvaliwa ili kiharibike; kilichofungiwa kabatini Tanga, Mombasa au Unguja kinaoza kikiwa kimya, kisha siku ya safari soli inamomonyoka vipande vipande kituoni.

Ndiyo maana gundi haisaidii hapo. Fundi anapaka, inashika, saa mbili baadaye inabanduka pamoja na unga wa povu, kwa sababu gundi imeshika kitu ambacho chenyewe hakijishiki. Dawa ni kubadilisha soli nzima.

Kabla ya kununua ya mtumba au iliyokaa sana dukani, tazama ubavu wa soli karibu na kisigino: nyufa nyembamba, hali ya kunata au vumbi linalobaki kwenye ukucha ukikwaruza ni ishara ya kuiacha. Ikunje kwa nguvu mara kumi na usikilize kama inapasuka. EVA haiozi namna hiyo. Yenyewe hubonyea kwa uzito na husinyaa kwa joto kali, kwa hiyo usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Sendo nzima nayo ivutwe mkanda mmoja mmoja, pale unapoingia kwenye soli. Hapo ndipo zinapokatikia. Kama mkanda umegundishwa tu, mpe fundi azungushe mshono wa nailoni kabla hujasafiri. Ni kazi ndogo na bei yake ni ndogo.

“Meno makubwa ya soli hayatelezi”

Kwenye matope na mchanga, ndiyo. Kwenye sakafu laini iliyolowa, meno makubwa yaliyoachana hupunguza eneo la mpira linalogusa chini. Huko kinachosaidia ni mpira laini wenye mikato membamba mingi. Paul Sperry wa Marekani aliitumia mikato ya aina hiyo kwenye viatu vya wanamaji mwaka 1935. Kwa vichochoro vya Mji Mkongwe baada ya mvua, tafuta soli yenye vyote viwili, meno mafupi ya milimita 3 hivi na mikato juu yake. Plastiki ngumu inayong’aa iepuke kwa chochote kile.

“Mwanamke akihirimia kwa Hija au Umra lazima avae kandambili”

Sharti la kutovaa kiatu kinachofunika mguu ni la wanaume. Mwanamke anayekwenda Hija au Umra anavaa viatu vyake vya kawaida, na soksi pia; alichokatazwa ni nikabu na glavu. Kwa hiyo hana sababu ya kutembea Mina na Muzdalifa kwa kandambili. Safa na Marwa pekee, mizunguko yote saba, ni takriban kilomita 3, wengi wakitembea bila viatu juu ya marumaru. Miguu inayotoka hapo imechoka tayari. Beba sendo yenye mkanda wa nyuma inayofunguka kwa mkono mmoja, na mfuko wa kamba wa kuitia, uwe nayo mwenyewe badala ya kuiacha mlangoni.

“Viatu vya wazi vinamfaa kila mtu kwenye joto”

Mwenye kisukari ambaye ganzi imeanza miguuni asivae sendo za wazi, hasa zenye gidamu. Jiwe likiingia au mkanda ukichubua hatasikia, na kidonda hugunduliwa kikiwa kimechimba. Avae kiatu kilichofunika vidole, chenye ndani laini, na akikague kwa mkono kabla ya kukivaa.

Kwa wengine, jua na mbu ndio wa kufikiria. Mbu aina ya Anopheles gambiae, mmoja wa wasambazaji wakuu wa malaria kwetu, hupenda kuuma miguuni, chini kabisa. Paka dawa ya mbu hadi kati ya mikanda, lakini yenye DEET huharibu baadhi ya plastiki na rangi, hivyo paka mguu ukiwa mtupu, subiri ukauke, ndipo uvae. Na soksi nyembamba ndani ya sendo, ambazo watu wanazicheka, zinazuia mbu wachache, jua na msuguano kwa pamoja. Wacheke tu.