Bakteria waliobadilishwa jeni na antibiotiki tunazomeza: kinachobadilishwa ni nini?

Tangu mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalipopandwa kwa majaribio katika kituo cha utafiti cha Makutupora, hapa Dodoma, mwaka 2016, na hasa baada ya Serikali kuagiza majaribio hayo yasitishwe mwaka 2018, uhandisi jeni umebaki kuwa jambo ambalo wananchi wa mkoa huu hulizungumzia kwa tahadhari. Tahadhari hiyo ina msingi wake. Hata hivyo, imezaa pia wasiwasi mwingine ambao sisi tunaofanya kazi za maabara hukutana nao mara kwa mara, kwamba antibiotiki nazo, kwa kuwa baadhi yake hutengenezwa kwa msaada wa viumbe vilivyobadilishwa jeni, huenda zinamwingizia mgonjwa kitu kigeni mwilini. Ni kweli kwamba viumbe hivyo hutumika viwandani, tena kwa wingi. Lakini anayebadilishwa ni bakteria au kuvu anayeitengeneza dawa, ilhali dawa inayotoka kwake ni molekuli ileile ambayo madaktari wameitumia kwa miongo mingi.

Antibiotiki nyingi hazikubuniwa na binadamu, bali ziligunduliwa udongoni. Wazalishaji wakuu ni bakteria wa kundi la Streptomyces, ambao hukua ardhini kwa nyuzinyuzi zinazosambaa, na ndio wanaotoa jeosmini, kemikali inayofanya udongo wa Kongwa, Bahi au Manyoni unukie pale mvua za kwanza zinapoanguka baada ya kiangazi kirefu. Kutoka katika kundi hilo ilipatikana streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman nchini Marekani, ikawa antibiotiki ya kwanza kufaa katika tiba ya kifua kikuu. Erithromaisini ilitoka kwa bakteria wa jamii ya karibu, Saccharopolyspora erythraea, aliyepatikana katika udongo ambao daktari Abelardo Aguilar aliutuma mwaka 1949 kutoka Iloilo, Ufilipino, kwenda kwa kampuni ya dawa ya Marekani.

Shida ni kwamba bakteria huyu, akiwa udongoni kwake, hutengeneza dawa kidogo mno. Hana sababu ya kutengeneza nyingi. Kila molekuli ya antibiotiki humgharimu sukari na nguvu ambazo angeweza kuzitumia kukua, na zaidi ya hapo, anachokitengeneza ni sumu inayoweza kumdhuru yeye mwenyewe kikizidi. Kwa hiyo huifungulia kazi hiyo kwa muda tu, mara nyingi chakula kinapopungua, kisha huifunga. Kiwanda kinachotaka kuhudumia mamilioni ya wagonjwa hakiwezi kuendeshwa kwa kiasi hicho, kwa sababu gharama ya sukari, umeme na usafishaji ingekuwa kubwa kuliko bei ambayo mgonjwa wa kawaida anaweza kuilipa.

Kabla ya uhandisi jeni kuwapo, njia iliyotumika ilikuwa ya kubahatisha, ingawa ilifanywa kwa bidii kubwa. Penisilini, ambayo hutolewa na kuvu na si bakteria, ndiyo inayoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 1943 watafiti wa Peoria, Marekani, walipata katika tikiti lililoota ukungu aina ya kuvu iliyotoa penisilini nyingi kuliko zilizotangulia, lakini bado ilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu kwa lita moja. Kuvu hiyo ikapigwa mionzi ya eksirei, kisha mionzi ya urujuanimno, ili vinasaba vyake vivurugike ovyo. Wengi wa watoto wake walikufa au walidhoofika, na wachache waliotoa dawa zaidi wakachaguliwa na kupigwa mionzi tena. Kwa kurudia kazi hiyo kwa miaka mingi, aina zinazotumika viwandani leo hufikisha kiasi cha gramu 50 kwa lita. Wanasayansi walipokuja kuzichunguza aina hizo baadaye, waligundua kwamba katika baadhi yake kundi zima la jeni za kutengeneza penisilini lilikuwa limejirudia mara kadhaa ndani ya vinasaba. Maana yake ni kwamba mionzi ilikuwa imefanya bila mpango kitu ambacho mhandisi jeni wa leo angekifanya kwa makusudi. Kwa maoni yangu hoja hii hutajwa mara chache mno: mabadiliko ya vinasaba katika utengenezaji wa antibiotiki yalianza zamani, na kilichokuja kuongezeka ni uwezo wetu wa kujua ni nini hasa tumekibadilisha.

Uwezo huo umetokana na bahati moja ya kimaumbile. Katika Streptomyces, jeni zinazohusika na antibiotiki moja kwa kawaida hukaa pamoja, zimepangana kwenye kipande kimoja cha vinasaba: zinazotengeneza vimeng'enya vya kuijenga dawa, zinazoamuru kazi ianze, na zinazomkinga bakteria dhidi ya dawa yake mwenyewe. Mwaka 1984 David Hopwood na mwenzake Francisco Malpartida, wakifanya kazi Norwich, Uingereza, walifanikiwa kulichukua kundi zima la namna hiyo na kulihamishia kwa bakteria mwingine, naye akaitengeneza antibiotiki ambayo hakuwahi kuitengeneza. Tangu hapo mtaalamu anayetaka kuongeza uzalishaji huanza kwa kuuliza kazi inakwamia wapi. Pengine jeni inayoamuru kazi ianze imelala, na hapo huwekewa kiwashio kinachofanya kazi wakati wote. Pengine kimeng'enya kimoja hakitoshi, na wenzake wanakisubiri. Jeni yake huongezwa nakala. Pengine malighafi ndani ya seli zinapelekwa kwenye utengenezaji wa mafuta au kazi nyingine, na inabidi njia hizo za pembeni zifungwe ili malighafi zielekee kwenye dawa. Na mara nyingi bakteria anazidiwa na sumu yake, kwa hiyo huongezewa pampu za kuitoa dawa nje ya seli haraka zaidi.

Hewa ni kikwazo ambacho watu wengi hawakifikirii. Uchachushaji hufanyika katika matangi ya chuma yanayoweza kuchukua lita 100,000 au zaidi, yaliyojazwa maji, sukari, unga wa soya na madini, huku hewa iliyochujwa vijidudu ikipulizwa kutoka chini na mapanga makubwa yakikoroga mchana na usiku kwa siku kadhaa. Baada ya siku mbili hivi, nyuzinyuzi za Streptomyces husokotana kiasi kwamba mchanganyiko wote huwa mzito kama uji wa uwele, na oksijeni hushindwa kupenya. Bakteria walio katikati huanza kukosa pumzi na huacha kutengeneza dawa. Kuongeza kasi ya mapanga hula umeme mwingi na hukata nyuzi zenyewe. Watafiti walikwenda kwa bakteria mwingine kabisa, Vitreoscilla, anayeishi mahali penye oksijeni haba na mwenye protini ya kuikamata oksijeni, jamaa ya himoglobini iliyo katika damu yetu. Jeni ya protini hiyo ilipohamishiwa kwa bakteria wa erithromaisini, uzalishaji uliongezeka katika tangi lilelile, kwa chakula kilekile.

Wafugaji wetu wa Mpwapwa na Kongwa wanaifahamu tailosini, antibiotiki ya mifugo inayotolewa na Streptomyces fradiae. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kwa kuunganisha seli za aina kadhaa za bakteria huyo ili vinasaba vyao vichanganyike, mizunguko miwili ya kazi iliyochukua mwaka mmoja ilifikia kiwango ambacho njia ya zamani ilikifikia kwa miaka 20.

Turudi sasa kwenye dawa iliyo mkononi mwa mgonjwa, tuseme kapsuli ya amoksilini aliyopewa mama mwenye mtoto katika zahanati ya Chamwino. Kazi huanza na penisilini iliyochachushwa na kuvu tuliyemtaja. Molekuli hiyo hukatwa sehemu moja ili ubaki mwili wake wa kati, na mwili huo huunganishwa na sehemu nyingine ili iwe amoksilini. Zamani ukataji huo ulifanywa kwa kemikali kali, katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kuacha taka zenye sumu. Sasa viwanda vingi hutumia kimeng'enya kinachotengenezwa kwa wingi na bakteria waliobadilishwa jeni, kwenye maji ya uvuguvugu. Mwishoni huja kuchuja, kuifanya dawa iwe chembechembe na kuikausha, hatua ambazo huwaacha nyuma bakteria na vinasaba vyao. Vipimo vya ubora ndivyo vinavyothibitisha usafi wa dawa, na kwa kazi hiyo tunayo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Katika jambo hili mahindi ya shambani na bakteria wa tangini hawalingani: mmea hupandwa mahali pa wazi na huliwa wenyewe, ilhali bakteria hufungiwa ndani ya chuma, huuawa kwa joto kazi inapokwisha, na hakuna anayemla. Kanuni za usalama wa bayoteknolojia za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, nazo hazichukulii matumizi ya ndani ya kizuizi kuwa sawa na kukiachia kiumbe katika mazingira.

Wasiwasi unaostahili kuchukuliwa kwa uzito uko kwingine. Wataalamu wanapoingiza jeni mpya, mara nyingi huiambatanisha na jeni ya usugu dhidi ya antibiotiki fulani, ili waweze kuwatambua bakteria waliopokea mabadiliko. Jeni hiyo ya usugu haina kazi tena kiwandani, na ikivuja kwenye maji inaweza kuokotwa na bakteria wengine. Kwa hiyo inapaswa kuondolewa kabla bakteria hajaingia tangini, na mbinu za sasa za kuhariri jeni zinawezesha hilo. Tatizo kubwa zaidi ni mabaki ya dawa yenyewe katika majitaka ya kiwanda, ambayo huwazoesha bakteria wa mito na visima kuistahimili, awe mzalishaji amebadilishwa au la. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu majitaka na taka ngumu za viwanda vya antibiotiki. Uzito wa jambo hili unaonekana katika makadirio ya mwaka 2019, kwamba watu milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria sugu. Uzalishaji wa bei nafuu hautupi ruhusa ya kununua nusu dozi dukani kwa ajili ya mafua, ambayo husababishwa na virusi na hayatibiki kwa antibiotiki.

Pamoja na hayo, siwezi kukubaliana na wanaosema tuikatae teknolojia hii. Sehemu kubwa ya dawa zetu huagizwa nje, na viambato vyake hutoka katika viwanda vichache. Katikati ya muongo uliopita nchi nyingi zilipungukiwa na benzathini penisilini, sindano inayomkinga mtoto mwenye homa ya baridi yabisi asizidi kuharibika moyo na inayozuia kaswende kumpata mtoto tumboni, kwa kuwa wazalishaji wa kiambato chake walikuwa wachache mno na faida yake ilikuwa ndogo. Aina ya kiumbe inayotoa dawa nyingi kwa gharama ndogo huifanya biashara ya namna hiyo iwezekane hata kwa kiwanda kisicho kikubwa, kikiwamo cha hapa nchini.

Iwapo siku moja kiwanda cha namna hiyo kitaombewa kibali katika mkoa wetu, ambako maji ya jiji hutegemea kwa kiasi kikubwa visima vya Mzakwe, wananchi watakaoitwa kwenye kikao cha tathmini ya mazingira wana haki ya kuuliza maswali mahususi na kujibiwa kwa maandishi. Bakteria atakayetumika bado ana jeni za usugu zilizoingizwa maabara? Bakteria watauawa kwa joto la kiasi gani kabla mchanganyiko haujatoka tangini? Kiwango cha dawa katika majitaka kitapimwa mara ngapi, na maabara ipi isiyo ya mwenye kiwanda, na matokeo yake yatabandikwa wapi?