Riwaya za mfululizo: wanayodhani waandishi kuhusu wahusika wao

Dhana: Wahusika ni wangu, nitawakumbuka.

Hii imeharibu mifululizo mingi. Mwandishi kichwani ana rasimu tatu za tukio moja, na iliyochapishwa ni mojawapo tu. Msomaji anaijua hiyo moja, na haisahau. Mwingereza Arthur Conan Doyle alimtia Dkt. Watson, rafiki wa mpelelezi Sherlock Holmes, jeraha la risasi begani katika riwaya ya kwanza ya Holmes, mwaka 1887. Ilipofika ya pili, 1890, jeraha limehamia mguuni. Mwaka uliofuata, katika hadithi fupi, mke wa Watson akamwita mumewe James, ilhali ni John. Wapenzi wa Holmes hadi leo wanabuni visingizio vya kumtetea Doyle. Wewe usitegemee huruma hiyo, hasa kama hadithi yako inatoka kipande kipande WhatsApp na kila kipande kinaishia "itaendelea".

Kinachohitajika ni daftari la wahusika, ila wengi hulijaza upuuzi: nyota, rangi anayoipenda, urefu kwa sentimita. Andika mambo yanayogusa mwenendo wake. Alizaliwa mwaka gani? Nani anamdai? Kovu liko mkono upi? Siri ya marehemu baba yake aliijua sehemu ya ngapi? Halafu andika anamwitaje kila mtu, maana hapa ndipo Kiswahili kinapomuumbua mwandishi mvivu. Mwanaidi akimwamkia Rashidi kwa shikamoo sehemu ya 2, hawezi sehemu ya 9 kuwa alikaa naye dawati moja. Na yule mzee wa Mombasa aliyeanza kwa "ndoo" na "ndia" asije akaamka anasema "njoo" na "njia" kama mtangazaji wa redio, isipokuwa ana sababu ya kujificha.

Dhana: Umri utajipanga wenyewe.

Haujipangi. Agatha Christie alimleta mpelelezi wake, Hercule Poirot, mwaka 1920 akiwa tayari polisi mstaafu. Riwaya ya kifo chake ikachapishwa 1975. Piga hesabu mwenyewe. Christie alikiri kwamba lilikuwa kosa kumwanza akiwa mzee hivyo. Chagua mapema: ama miaka inapita na watu wanazeeka, ama wakati umesimama. Yote mawili yanakubalika. Kisichokubalika ni mtoto kufika kidato cha nne huku mimba ya jirani ikiwa ile ile.

Dhana: Mhusika thabiti habadiliki.

Bahili anaweza kumpa mgeni laki moja, mradi tuone kilichomsukuma, na mradi sehemu inayofuata noti hizo zimuume. Mabadiliko yasiyoacha alama ndiyo yanayomfanya msomaji aone amebadilishiwa mtu. Vitu vya kubaki pale pale ni vichache kuliko inavyodhaniwa. Muhammed Said Abdulla, wa Zanzibar, aliendesha visa vya Bwana Msa tangu riwaya iliyochapishwa 1960 hadi miaka ya 1980, na msomaji humtambua mpelelezi huyo kwa kiko chake na utulivu wake wa kufikiri. Visa vilibadilika, kiko kikabaki.

Dhana: Lazima ujue msuko wote kabla ya kuanza.

Si lazima. Nionavyo mimi, muhtasari wa vitabu vitano mara nyingi ni njia ya kuahirisha kitabu cha kwanza. Jua tu unakompeleka mhusika mkuu na milango usiyotaka kuifunga. Doyle alimuua Holmes mwaka 1893 kwa kuwa alikuwa amemchoka; 1903 akaeleza jinsi alivyonusurika. Aliweza kwa sababu Holmes alidhaniwa ameanguka kwenye maporomoko ya maji, na mwili haukupatikana. Basi kama bado hujaamua, mhusika wako na atoweke baharini, lakini asioshwe wala kukafiniwa mbele ya wasomaji.