Ndege Hawakimbii Baridi, Hufuata Chakula

Kila ninapotangaza matembezi ya kutazama ndege katika bustani ya jiji wakati wa majira ya baridi, huulizwa swali lile lile: mtatazama nini, ilhali ndege wote wamekwisha kwenda kusini? Nimelijibu kwa upole mara nyingi mno, na sasa naliandikia jibu.

Kinachomhamisha ndege hasa ni njaa. Mbayuwayu huondoka Ulaya kwenda Afrika kwa sababu wadudu warukao anaowategemea hutoweka hewani, lakini kigong'ota, anayechimbua mabuu ndani ya magogo, hana sababu ya kuondoka. Hata ndege mdogo sana aitwaye kitaalamu Regulus regulus, mwenye uzito wa gramu 5 au 6 tu, huweza kuishi penye theluji kwa kuokota buibui na wadudu wadogo waliojificha katika misonobari.

Linaloniudhi zaidi ni ile desturi ya kuzigawa spishi mafungu mawili, wahamao na wakaao, kana kwamba jambo limekwisha. Robini wa Ulaya, ndege mdogo mwenye kifua chekundu, anauvuruga mgawanyo huo. Wa Skandinavia wengi huhama, wa Uingereza wengi hubaki, na hata miongoni mwa hao wa Uingereza wapo wachache, hasa majike, wanaovuka bahari. Kwa hiyo robini unayemwona kichakani mwezi wa Januari si lazima awe yule uliyemwona Juni. Huenda mwenyeji ameondoka na mgeni wa kaskazini ameshika nafasi yake. Asipokuwa na pete ya utambulisho aliyovishwa mguuni na watafiti, hakuna darubini itakayokuambia kwa hakika ni yupi, nami hukataa kubahatisha mbele ya watu ninaowaongoza. Sylvia atricapilla naye, ndege mwingine mdogo mwimbaji, ambaye wengi bado humwita mgeni wa kiangazi nchini Uingereza, ameongezeka huko wakati wa baridi tangu miaka ya 1960, na wengi wa hao hutoka Ulaya ya kati, wakisaidiwa na chakula ambacho watu huwawekea ndege bustanini.

Basi ukija bustanini wakati wa baridi, anzia kwenye bwawa. Bata dume, ambao kiangazi hufifia hadi kufanana na majike, sasa wamekamilisha manyoya yao ya rangi, kwa kuwa spishi nyingi za bata huchagua wenzi kipindi hiki. Kisha ingia kwenye miti iliyopukutika, na usihitimishe upesi kwamba ni mitupu. Ndege wadogo wa spishi mbalimbali huzunguka katika kundi moja, kwa sababu macho mengi humwona kipanga mapema. Kundi likiwa upande wa pili wa bustani, upande huu huwa kimya, isipokuwa robini, dume kwa jike, anayeimba ili kulinda eneo lake la chakula. Simama, usikilize, ulisubiri kundi likufikie. Tafadhali usilikimbilie: ndege hawa wana saa chache za mchana za kujiwekea mafuta ya kuwavusha usiku, na kila wanapotishwa wakaruka, hutumia sehemu ya akiba hiyo.