Macho mekundu: kabla hujatia chochote jichoni

Nimeamka jicho jekundu, limegandana. Ni nini?

Angalia matongotongo. Yakiwa majimaji, jicho likakereketa kama lina mchanga, na la pili likafuata siku chache baadaye, mara nyingi ni virusi, kama wale walioenea Dar es Salaam Januari 2024. Yakiwa mazito ya njano yanayorudi kila ukifuta, huenda ni bakteria. Macho yote yakiwasha kuliko kuuma, hasa msimu wa vumbi, fikiria aleji, hiyo haiambukizi.

Nitie maziwa ya mama, au maji ya chumvi?

Usitie. Maziwa hayaui virusi, na yanaweza kuingiza vijidudu vingine. Chumvi ya kukadiria kwa kijiko huwa kali kuliko machozi, ikazidi kuchoma. Ugonjwa wa virusi huisha wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 1 hadi 3. Kinachosaidia ni kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ukiweke juu ya jicho lililofumbwa dakika 5 hadi 10. Matongotongo yafute kwa pamba, jicho na pamba yake, kisha itupe.

Duka la dawa wameniuzia matone. Nitumie?

Soma jina kwanza. Kloramfenikoli ni antibayotiki, haigusi virusi. La kuogopa ni deksamethasoni au prednisoloni, yaani dawa za steroidi za kutuliza uvimbe, na mara nyingine huchanganywa na antibayotiki kwenye chupa moja. Wekundu hupungua haraka, mgonjwa akadhani amepona. Kumbe kama kwenye kioo cha jicho (utando angavu wa mbele) kuna fangasi au virusi vya hepesi, dawa hiyo imezima kinga, na kidonda kinazidi kuchimbika. Ikitumika kwa wiki kadhaa hupandisha presha ya macho bila maumivu yoyote. Ikiendelea kwa miezi huleta mtoto wa jicho. Ndiyo maana chupa ya jirani, hata kama ilimponya, si yako.

Matone yanatiwaje?

Nawa mikono kwa sabuni, inua uso, vuta kope la chini lifanye kijifuko, udondoshe tone moja. Moja linatosha, la pili huishia shavuni. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Fumba, ubonyeze pembe ya jicho upande wa pua kwa dakika 1 au 2, la sivyo dawa hushukia kooni. Kama kuna dawa nyingine, subiri dakika 5. Chupa nyingi hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa, hata ikibaki nusu.

Ukimtazama mgonjwa unaambukizwa?

Hapana, hata ukimtazama bila miwani myeusi. Virusi hupita kwenye mikono, taulo, foronya, simu na wanja wa kuazimana, kwa muda wa kama wiki 2.

Lini nisisubiri?

Nenda siku hiyo hiyo ukiwa na maumivu makali, mwanga ukikuumiza, ukiona ukungu, kukiwa na doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au ukiwa unavaa lenzi. Mtoto mchanga wa chini ya siku 28 mwenye usaha machoni hasubiri hata saa chache: kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa kinaweza kumpofusha.

Saruji, chokaa au maji ya betri vikiingia, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 30, huku kope zimefunguliwa na chembe zinatolewa. Bodaboda iitwe baadaye.