Kielezi Kinapotangulia Sentensi ya Kiingereza

Chukua maneno matano ya Kiingereza: "He didn't explain it clearly." Maana yake ni kwamba jamaa alieleza, ila maelezo yake hayakueleweka vizuri. Sasa kitoe kielezi mkiani ukipeleke kichwani: "Clearly, he didn't explain it." Hapa hakueleza kabisa, na anayesema anaona jambo hilo halina ubishi. Maneno ni yaleyale matano, lakini kosa la mtu limebadilika.

Shuleni tulifundishwa kwamba kielezi hufafanua kitenzi: jambo limefanyika vipi, wapi, lini, mara ngapi. Ufafanuzi huo unatosha kielezi kikiwa karibu na kitenzi chake. Kikitangulia sentensi ya Kiingereza, mara nyingi kinakiacha kitenzi na kuwa sauti ya msemaji mwenyewe, anayetia neno lake juu ya habari nzima kabla hajaitoa. "Sadly, he died" haisemi kwamba marehemu alikufa na huzuni. Mwenye huzuni ni anayetupa habari. "Frankly, she lies" ni hivyo hivyo. Anayesema bila kuficha ni msemaji, si huyo mwongo.

Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa fungu la maneno: "kusema kweli", "kwa bahati mbaya", "inasikitisha kwamba". Ndiyo maana mfasiri anayekutana na kila neno lenye "-ly" akalibandika "kwa" hupotea njia. "Kwa huzuni, alifariki" inamwacha msomaji akijiuliza huzuni ilikuwa ya nani.

Neno lililozua ugomvi mkubwa hapa ni "hopefully". Matumizi yake ya zamani yanaonekana katika "She waited hopefully", alisubiri akiwa na matumaini. Wamarekani walipozidi kulitanguliza, "Hopefully, it will rain", walinzi wa lugha wakaja juu, hasa kuanzia miaka ya 1960: mvua itakuwaje na matumaini? Hoja yao ilikuwa na chembe ya ukweli. "Sadly" unaweza kuifungua ikawa "it is sad that", lakini hakuna anayesema "it is hopeful that" akikusudia kuombea mvua. Tatizo ni kwamba "frankly" nayo haifunguki hivyo, na hakuna aliyeipigia kelele kiasi hicho. Aprili 2012 shirika la habari la Associated Press, ambalo mwongozo wake hufuatwa na vyumba vingi vya habari Marekani, lilikubali matumizi hayo mapya. Kwetu ugomvi huu usingepata pa kuanzia. "Hopefully" yao ni "inshallah" yetu, na inshallah kwa Kiarabu ni maneno kamili, akipenda Mungu, wala hatujawahi kumwuliza mtu inaelezea kitenzi gani.

"Actually" nayo inahitaji uangalifu, maana wengi wetu huitupia mwanzoni kama pambo. Mtu akikwambia "You must be from Nairobi", nawe ukajibu "Actually, I'm from Mombasa", umemsahihisha kwa upole: ulidhani vile, kumbe ni hivi. Ukiianza nayo pale ambapo hakuna aliyekosea, msikilizaji anaanza kutafuta kosa lake. Na wasomaji wa Bujumbura au Lubumbashi waliozoea Kifaransa wajihadhari zaidi: "actuellement" ni "kwa sasa", "actually" siyo.

"Basically" tumeshaipa nyumba. Msikilize kiongozi akihojiwa redioni: "Kimsingi..." halafu anameza mate. Katika Kiingereza cha mazungumzo pia neno hilo aghalabu halina msingi wowote, linanunua sekunde mbili za kufikiri.

Vielezi vya wakati na mahali havina makuu. "Yesterday", "outside", "tomorrow" vikitangulia vinatandika mkeka tu, habari inakaa juu yake. Vya mara ngapi ndivyo vyenye ubaguzi. "Sometimes I walk" ni sawa, "Usually I walk" ni sawa, lakini "Always I walk" inakwaruza sikio la mwenye lugha, ambaye angesema "I always walk". "Always" hutangulia bila shida katika amri: "Always boil the water." Kosa hili tunalibeba kutoka nyumbani, kwa sababu "Siku zote natembea" haina dosari yoyote.

Kuna pia vielezi vinavyofunga sentensi na ile iliyopita, kama "therefore" na "however". William Strunk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1918 alishauri "however" yenye maana ya "hata hivyo" isiwekwe mwanzoni. Siku hizi wachache wanamfuata, nami simo. La kuangalia ni mkato. "However, you tried" ni "hata hivyo, ulijaribu". Uking'oa mkato, kama katika "However hard you try", imekuwa "hata ujitahidi vipi".

Panaponoga ni pale kielezi kinapovuruga mpangilio wa sentensi. "I have never seen this" inageuka "Never have I seen this". Kitenzi kisaidizi kinaruka mbele ya kiima kama katika swali, ingawa hakuna swali. "Rarely", "seldom" na "only then" vinafanya hivyo hivyo. Ni mabaki ya kale. Zamani Kiingereza kilikuwa na tabia ambayo Kijerumani bado kinayo, ya kuleta kitenzi mara tu baada ya neno lililotangulia: "Gestern kam er", jana alikuja yeye. Sisi hatuhamishi kiima. Tunaleta "ndipo" na kukivika kitenzi kirejeshi: "Only then did I understand" ni "Hapo ndipo nilipoelewa". Anayeijua "ndipo" yake vizuri tayari anajua kwa nini Mwingereza anageuza maneno.

"Never have I" ni ya hotuba na vitabu, lakini mgeuzo huu haujahama mtaani. "So do I" na "Neither do I" husemwa kila siku. Kituoni pia utausikia: "Here comes the bus!" Ila ukilibadilisha basi kuwa kiwakilishi, mambo yanarudi mahali pake: "Here it comes!", kamwe si "Here comes it". Sisi tungesema tu "Hilo linakuja!" na kuanza kusukumana.