Je, wajua kwa nini askari wa mwili wanapishana na kirusi cha saratani bila kukishtukia?

Mi nilikuwa najua saratani ya virusi inampata mtu mwenye kinga mbovu, basi. Shule ilipotangaza siku ya chanjo ya HPV nikamwambia dada yangu, hapa hapa Uyole, mtoto anakula parachichi za Tukuyu na maziwa kila siku, kinga iko fiti, sindano ya nini? Dada hakunisikiliza, na afadhali, maana nilikuwa nimekosea karibu kila kitu.

HPV, inayoleta saratani ya mlango wa kizazi, inawapata watu wengi tu wenye afya zao, na wengi mwili unaiondoa ndani ya mwaka 1 au 2. Ikiganda kwa mtu si lazima askari wake wawe legelege, mara nyingi hawana taarifa! Kirusi kinaingia kwenye seli za chini kabisa kupitia mchubuko usioonekana, hakipiti kwenye damu, hakipasui seli, kinasubiri seli ipande juu izeeke ibanduke yenyewe ndo kitoke nayo. Hakuna homa wala usaha, sasa nani apige kelele?

Halafu kuna ujanja wa pili, huu ndo ulinimaliza. Nenda Mwanjelwa kwa wauza mchele, kila gunia lina sinia la sampuli mbele yake, mteja anaangalia sinia, hatoboi gunia. Seli nazo ziko hivyo, zinatoa nje vipande vya vilivyomo ndani, na askari wanaoitwa seli T wanapita wanakagua masinia, wakiona kipande cha kirusi wanaua seli nzima. HPV ina protini inaitwa E5, kazi yake mojawapo ni kuficha masinia.

Utasema basi gunia lisilo na sinia si litashtukiwa? Ndiyo, wapo askari wengine, seli NK, wanamshuku hasa yule asiyeonyesha kitu. Ila E5 haifichi yote, inaacha aina fulani ya masinia yale yanayowatuliza NK. Jamani! Japo ushahidi mwingi wa hapa ni wa seli za maabara, ndani ya mtu mambo yamechanganyika zaidi.

Hapo katikati protini zake nyingine, E6 na E7, zinazima taratibu breki zinazozuia seli isizaliane ovyo, saratani kuja ni miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU ndo kweli askari wanapungua, hatari kwa mwanamke ni kama mara 6, na huku kwetu Njombe, Iringa na Mbeya, ambako VVU iko juu, hilo si dogo.

Chanjo (hapa Tanzania toka 2024 ni dozi 1, mwaka huo walilengwa wasichana wa miaka 9 hadi 14) ni ganda tupu la kirusi, linapelekwa kwenye msuli wa bega, mahali HPV yenyewe haikanyagi na askari wamejaa. Haimtibu aliyekwisha ambukizwa, inawahi mlangoni. Binti alilalamika mkono unauma hadi jioni, na hizo ndo kelele ambazo kirusi chenyewe hakipigi.