Mlango wa nyuma ndani ya mitambo: tunayoamini Tabora na yaliyo kweli

Maji ya Ziwa Victoria yanafika Tabora kwa kusukumwa na pampu, umeme unatoka gridi ya taifa, na reli ya kati inagawanyika hapa, moja ikielekea Kigoma na nyingine Mwanza. Kazi za namna hii, popote duniani, zinazidi kuachiwa vikompyuta vidogo vilivyofungiwa ndani ya makabati ya chuma, kila kimoja na mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayokiendesha. Ukikaa na mafundi wanaovihudumia utasikia mengi, na mengine ni imani tu.

Imani iliyoshika mizizi kuliko zote ni hii: "Kaka, sisi nywila tulishabadilisha siku ya kufunga mtambo." Vizuri, lakini haitoshi. RuggedCom, kampuni ya Canada iliyonunuliwa na Siemens mwaka 2012, ilitengeneza swichi za mtandao za kazi ngumu, za kuvumilia joto na vumbi, kwa ajili ya vituo vya kupoza umeme, reli na taa za kuongoza magari. Ndani yake kulikuwa na mfumo endeshi uitwao ROS. Mtafiti Justin W. Clarke alikuta humo mlango wa nyuma: akaunti ya siri yenye jina "factory", iliyowekwa na mtengenezaji mwenyewe, na mteja hakuwa na njia ya kuizima. Nywila yake ilikokotolewa kutoka kwenye anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao. Na namba hiyo kifaa kiliitangaza chenyewe kwenye ukurasa wa kuingilia, kabla hata hujajitambulisha. Ni sawa na kufunga ghala la tumbaku kwa kufuli la namba, kisha namba zenyewe ukaziandika mlangoni kwa chaki. Hata ungebadilisha nywila yako kila Jumatatu, akaunti ile isingeguswa.

Clarke alimweleza mtengenezaji mwaka 2011. Alipoona mwaka unakatika bila marekebisho, Aprili 2012 aliweka jambo hadharani. Wapo waliomlaumu yeye; mimi namlaumu aliyekaa kimya. Baada ya hapo ndipo matoleo mapya yasiyo na mlango huo yalipoanza kutoka, na wateja wakashauriwa kufunga telneti, yaani huduma ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali. Agosti mwaka huohuo Clarke akaibua jingine: ufunguo wa siri wa kusimba mawasiliano, yaani kuyaficha yasisomwe na wengine, ulikuwa umepachikwa ndani ya programu yenyewe, hivyo aliyeuchomoa angeweza kufumbua mawasiliano ya watu wengine. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wengine hujifariji kwamba mfumo wa siku nyingi umeshajaribiwa vya kutosha. Waulize watumiaji wa VxWorks, mfumo unaoendesha mitambo ya viwandani, vifaa vya hospitali na hata magari ya utafiti yaliyoko sayari ya Mirihi. Julai 2019 kampuni ya Armis ilitangaza nyufa 11 za kiusalama kwenye sehemu yake ya mawasiliano, 6 kati yake zikimwezesha mvamizi kuendesha amri zake kwenye kifaa akiwa mbali. Sehemu hiyo iliingia kwa Wind River, wenye VxWorks, walipoinunua kampuni ya Interpeak mwaka 2006. Miaka 13 ilipita, mitambo ikifanya kazi bila kulalamika. Mtambo usiolalamika hauthibitishi kitu.

Imani nyingine: "Mtambo wetu haujaunganishwa na intaneti." Hata mitambo ya nyuklia ya Natanz, Iran, haikuwa imeunganishwa, na kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kiliweza kusafiri kwa flashi. Fundi wa nje anayekuja na laptopu yake kurekebisha pampu ni intaneti inayotembea kwa miguu.

Je, nani atahangaika na Tabora? Hakuna anayehitaji kuijua. Tangu 2009 kuna mtambo wa kutafutia uitwao Shodan, unaoorodhesha vifaa vilivyo wazi mtandaoni bila kujali vipo mji gani.

Kwa upande mwingine, umeme ukikatika hapa mjini, mtaani Isevya, usikimbilie kusema ni wadukuzi. Radi na nguzo iliyooza zina kazi nyingi kuliko wao. Ila uwezo huo upo: tarehe 23 Desemba 2015 wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine walizimiwa umeme kwa njia ya mtandao. Mafundi waliurudisha baada ya saa chache kwa kwenda vituoni kuwasha swichi kwa mkono. Kwa hiyo anayependekeza vidhibiti vya mkono ving'olewe kwa sababu "tumeshakuwa wa kidijitali", mkatalie.

Tena wapo wanaouliza kwa nini mitambo isisasishwe tu kama simu. Kusasisha swichi ya kituo mara nyingi ni kuizima kwanza, na kuizima ni kukata huduma. Kiraka, yaani programu ya kuziba ufa, hupangiwa siku, hujaribiwa pembeni, na wananchi hutangaziwa mapema.

Mwisho kuna vifaa chakavu, vinavyodhaniwa kuwa ni vyuma tu. Clarke hakuvunja kituo chochote: alinunua vifaa vilivyotumika kwenye soko la eBay, akavichunguza akiwa kwake. Swichi ya zamani inayopelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu inaweza kuwa bado na ramani ya mtandao wenu na nywila zenu. Ifutwe kabla haijatoka getini, na kwenye daftari la stoo aandikwe aliyeifuta.